Mbuzi Katika Gunia: Funzo la Mnada wa Mashamba na Matrekta ya Kongwa

(Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima, na kupigwa chapa kwa ajili ya wanafunzi wa Bungu, Korogwe. Mwalimu wa darasa asome sehemu moja kwa sauti, kisha wanafunzi waisome wenyewe polepole.)

Tuketi, tufungue madaftari, tuanze.

Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia yenye kugusa mfuko. Tuseme wakulima kumi wa Bungu wamechoka kulipia lori la watu kila wanapopeleka ndizi na mboga zao Korogwe. Wamechanga fedha mwaka mzima. Siku moja mmoja wao anakuja na gazeti mkononi. Lina tangazo la mnada: magari ya serikali yaliyotumika yatauzwa, na mojawapo ni lori. Bei ya kuanzia ni ndogo. Watu wanafurahi. Mmoja anasema, “Twendeni upesi, wasitutangulie wengine.” Mwingine, mzee, ananyamaza kidogo, kisha anauliza, “Lori hilo limetoka wapi, na kwa nini mwenyewe analiuza?”

Swali la mzee huyo ndilo somo letu. Tutalitafutia jibu mahali pawili: kwanza hapa hapa kwetu Korogwe, katika mnada wa mashamba ya mkonge; halafu Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, kwenye Mpango wa Karanga.

1. MNADA NI KITU GANI?

Mnada ni uuzaji wa hadharani. Dalali hutaja bei, watu hupandishiana, na yule anayetaja bei kubwa kuliko wote ndiye anayepewa. Dalali akigonga nyundo, maneno yamekwisha. Hakuna kurudi nyuma.

Soma vizuri tangazo la mnada wa serikali. Mara nyingi utakuta maneno kama haya: mali itauzwa kama ilivyo, mahali ilipo. Ni maneno machache, lakini yana uzito wa mawe. Maana yake ni kwamba, injini ikiwa imekufa, imekufa mikononi mwako. Gari likikosa gia boksi, ni juu yako. Hata kulitoa pale lilipo ni kazi yako. Muuzaji hakuahidi kitu.

Tena utaona kwamba mnunuzi hutakiwa kuweka amana papo hapo. Katika matangazo mengi amana hiyo ni asilimia 25 ya bei, yaani robo yake, na fedha zilizosalia hulipwa katika siku 14. Asiyemaliza hupoteza gari, na robo yake hairudi.

Dukani mtu huuza kitu na kusema habari zake, hata kama atasema uongo kidogo. Mnadani habari za kitu hazisemwi. Kinauzwa chuma, wala hakiuzwi pamoja na maisha yake. Lakini maisha yale yamo ndani ya chuma, na mnunuzi hana budi kuyachukua nyumbani.

2. MASHAMBA YA MKONGE YALIYONADIWA

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Ulikubali udongo wa Tanga, na reli iliyotoka Tanga ikaufuata. Reli hiyo ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902. Mashamba makubwa yakaenea huku chini ya milima yetu.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1914. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe. Vita vilipokwisha, serikali ya Kiingereza ilishika mashamba ya Wajerumani na kuyaita mali ya adui, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 yakaanza kuuzwa kwa mnada. Wanunuzi walikuwa Waingereza, Wahindi na Wagiriki. Wasambaa na Wazigua, ambao ardhi hiyo ilikuwa ya babu zao, hawakuwa na sauti katika mnada huo. Walibaki kuona ardhi ikitoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Sasa fikirini hali ya mnunuzi. Mbele yake lipo shamba lililokwisha kutumika. Kwa macho, mkonge ni mkonge. Lakini kila aliyefanya kazi shambani ajua kwamba mkonge una umri wake. Hupandwa, na hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi. Huendelea kukatwa kwa miaka kadhaa. Kisha hutoa mlingoti, na ukishatoa mlingoti mmea hufa. Basi mtu aweza kununua ekari nyingi zilizojaa mkonge, na mwaka wa pili zote zikawa milingoti. Huyo amenunua kuni.

Tena miaka ya vita ilikuwa imeyaacha mashamba mengi kuingia porini. Mashine nyingi za kusaga majani zilikuwa zimetengenezwa Ujerumani, na mnunuzi alipaswa kujiuliza atapata wapi vipuri vyake baada ya vita.

Wako waliopata faida kubwa. Mkonge uliendelea kuwa zao kuu la Tanganyika kwa miaka mingi, na mtu aliyenunua kwa bei ndogo, akahesabu gharama za kufyeka na kupanda upya, aliweza kutajirika. Kwa hiyo basi tusiseme kwamba kununua mnadani ni ujinga. Tofauti ilikuwa kati ya mnunuzi aliyejua umri wa alichonunua na yule aliyeona rangi ya kijani tu.

Na ni nani aliyejua umri wa mkonge ule? Ni mkataji, mnyapara na mlinzi aliyebaki pale wenye shamba walipokimbia. Aliyetaka kujua alipaswa kuwauliza hao.

3. MATREKTA YA KONGWA

Sasa tuondoke milimani tuende Kongwa, nchi ya Wagogo. Hapo ndipo funzo lilipokuwa ghali kuliko yote.

Vita vya pili vilipokwisha mwaka 1945, watu wa Uingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mafuta yaligawiwa kwa kipimo. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu kutazama nchi. Kiongozi wao alikuwa Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa Idara ya Kilimo ya Tanganyika. Walizunguka muda wa wiki tisa, wakitazama sehemu nyingi kwa ndege. Waliporudi, walishauri zilimwe ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya karibu pauni milioni 24.

Mpango ulikubaliwa. Lakini matrekta yatoke wapi? Viwanda vilikuwa vimetoka vitani, na waliotaka matrekta mapya walikuwa wengi. Anayetaka jipya angoje. Wakubwa wa mpango hawakutaka kungoja, kwa kuwa mafuta yalitakiwa upesi. Basi wakatafuta yaliyotumika. Walinunua matrekta katika mabaki ya vita, mengine kutoka kwenye maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, mbali sana upande wa mashariki.

Tuwape haki yao. Shauri lile halikuwa la wazimu. Chuma kilikuwapo, bei yake ilikuwa nafuu, na matrekta mapya hayakupatikana. Hata leo mtu mwenye fedha kidogo hununua kilichotumika kwa sababu hiyo hiyo. Kosa lilikuwa katika kuhesabu. Walihesabu idadi ya matrekta, hawakuhesabu nguvu iliyobaki ndani yake.

Trekta la jeshi limefanya kazi gani? Limekokota mizigo, limefungua barabara, limeendeshwa na kijana mmoja leo na mwingine kesho, kisha likaachwa. Limelala kwenye mvua na hewa ya bahari. Likipakwa rangi, laonekana zima. Na ni nani angeulizwa habari zake? Askari waliyoliendesha walikuwa wamekwisha rudi makwao Marekani.

Mwezi wa Aprili 1947 kazi ya Kongwa ilikuwa inaanza. Matrekta yalikutana na pori lenye mizizi mirefu na mibuyu minene. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na mchanga wake hula vyuma. Kazi hiyo ingechosha hata trekta jipya. Karakana haikuwa tayari, vipuri havikutosha, na aina za mashine zilikuwa nyingi, hata kipuri cha moja hakikufaa nyingine. Madereva wengi walikuwa wanajifunza kazi papo hapo. Katika miezi michache tu karibu theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamesimama, hayafanyi kazi.

Walijaribu njia nyingine. Nchini Uingereza, kiwanda cha Vickers-Armstrongs kilichukua vifaru vya vita vya aina ya Sherman, kikavigeuza kuwa matrekta. Viliitwa Shervick. Navyo havikuifaa kazi ile. Baadaye walifunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili, yakatembea sambamba yakilaza pori. Hiyo ilisaidia, lakini kulaza miti ni kazi moja, na kung'oa mizizi ni kazi nyingine.

Sasa chukueni penseli. Mwaka 1947 walikusudia kulima ekari 150,000. Walipata karibu ekari 7,500. Gawanyeni 150,000 kwa 7,500. Jibu ni 20. Maana yake, katika kila ekari 20 zilizokusudiwa, ilipatikana 1.

Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule mkubwa umekwisha. Hasara ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36. Tazameni tena: gharama waliyoiwaza mwanzoni kwa kazi nzima ilikuwa kama milioni 24, na hasara peke yake ikapita kiasi hicho.

Matrekta mabovu hayakuwa sababu ya pekee. Mvua za Kongwa si za kutegemewa, na udongo ule mgumu uliwatesa pia wakati wa kuvuna. Lakini sababu hizi zote zina mzizi mmoja. Wagogo walikaa na ardhi ile miaka mingi. Walijua mwaka wa mvua na mwaka wa njaa. Ujuzi wao haukupewa uzito. Ardhi ilinunuliwa kwa macho ya ndege, na matrekta yalinunuliwa kwa macho ya rangi. Aliyekaa navyo hakuulizwa.

4. TURUDI KWENYE LORI LETU

Sasa turudi kwa wakulima wetu kumi. Tusiwaambie, “Msinunue.” Tuwaambie, “Pimeni.” Na kipimo cha kwanza ni hesabu. Hebu tuandike mfano ubaoni. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Kila mtu aulize za kweli mahali pake.

Bei ya lori mnadani: shilingi 12,000,000.
Matairi 6, kila moja shilingi 400,000: shilingi 2,400,000.
Betri 2, kila moja shilingi 250,000: shilingi 500,000.
Kutengeneza injini: shilingi 3,000,000.
Kulivuta lori mpaka kwa fundi: shilingi 600,000.
Kodi, bima na kubadili jina la mwenye gari: shilingi 1,500,000.
Jumla: shilingi 20,000,000.

Watu kumi walidhani kila mmoja atatoa shilingi 1,200,000. Kumbe ni 2,000,000. Kila mtu amezidiwa shilingi 800,000. Mwenye mbuzi atauza mbuzi. Mwenye mtoto shuleni ataanza kutazama karo. Na wakishindwa katikati, lori hubaki kwa fundi, na fedha ya kwanza nayo imekwenda.

Kwa hiyo, nendeni mnadani na bei mbili kichwani. Ya kwanza ni ya dalali. Ya pili ni yenu wenyewe: chukueni fedha zote mlizo nazo, toeni gharama za matengenezo, kinachobaki ndicho mwisho wa kutaja. Kiandikeni kwenye karatasi kabla ya kutoka Bungu. Dalali akipita hapo, nyamazeni. Mnada una joto lake. Mtu huona jirani akipandisha naye hupandisha, si kwa kutaka lori, bali kwa kutaka kushinda. Atakayeshika karatasi awe mtu asiyeona haya kunyamaza.

Kipimo cha pili ni macho ya fundi. Matangazo mengi hutoa siku za kuangalia mali kabla ya mnada. Nendeni siku hiyo, wala msingoje siku ya nyundo. Nendeni na fundi mnayemwamini, nanyi mlipeni kwa siku yake. Afungue boneti. Atoe kijiti cha oili: oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa huonya kwamba maji yameingia ndani ya injini. Kama inaruhusiwa kuiwasha, iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa bluu huonya kwamba injini inakula oili. Alale chini atazame chasisi: imepasuka? Imeungwa? Namba iliyo kwenye chasisi ilingane na namba iliyo katika kadi ya gari. Zisipolingana, rudini nyumbani hata kama bei ni ya bure.

Kipimo cha tatu ni vipuri. Kumbukeni Kongwa. Lori la aina ambayo mafundi wa Korogwe wanaijua, hata likiwa zee, ni afadhali kuliko zuri ambalo kipuri chake lazima kitoke mbali. Na kumbukeni barabara yetu. Kuteremka milima hii na ndizi nyuma, wakati wa masika, breki si jambo la kubahatisha. Lori lililotumika tambarare miaka kumi halijaonyesha bado kama laweza milima.

Kipimo cha nne ndicho kikubwa, na ndicho mzee wetu alichouliza: limetoka wapi? Gari la ofisi lina dereva wake, na dereva ana utingo wake. Uani pana mlinzi aliyeliona likija kwa miguu yake au likija kwa kuvutwa. Watafuteni. Wasalimieni vizuri. Ulizeni: lilisimama lini? Lilikuwa likisumbua nini? Lilipata kupinduka? Dakika kumi na mtu huyo zaweza kuwaokoa mamilioni. Mkiona kila mtu anakwepa kujibu, hilo nalo ni jibu.

Wahenga wametuonya tusinunue mbuzi aliye ndani ya gunia. Mnadani gunia ni rangi mpya, ni bei ndogo, na ni haraka. Fungueni gunia kwanza.

5. MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mnunuzi wa shamba la mkonge alipaswa kujua umri wa mkonge?
2. Wakubwa wa Mpango wa Karanga walikuwa na sababu gani ya kununua matrekta yaliyotumika? Sababu hiyo ilikuwa nzuri au mbaya? Kila mtu aseme na aeleze.
3. Kama wangengoja mwaka mmoja, wangepoteza nini, na wangepata nini?
4. Maneno “kama ilivyo, mahali ilipo” yana maana gani kwa mnunuzi?
5. Hesabu: Watu 8 wanataka kununua trekta dogo kwa shilingi 9,600,000. Matengenezo ni shilingi 4,000,000. Kila mtu atatoa shilingi ngapi? (Jibu: 1,700,000.)

Kazi ya nyumbani: Kila mwanafunzi amtafute mtu mmoja hapa Bungu aliyepata kununua kitu kilichotumika, iwe baiskeli, cherehani, redio au pikipiki. Amwulize mambo matatu: alilipa kiasi gani, alitumia kiasi gani baadaye kukitengeneza, na ni nani aliyekuwa nacho kabla yake. Ayaandike majibu kwa mistari mitano. Juma lijalo tutayasoma kwa sauti, nasi tutakuwa na historia yetu wenyewe ya Bungu, iliyoandikwa kwa mikono yetu.

Maneno ya kuandika daftarini: dalali, amana, asilimia, vipuri, chasisi, hasara.

Kwaherini mpaka juma lijalo.